Maji ya Jinja Yana Umri Gani?

Hii ni hotuba niliyoitoa jioni moja ya Januari mjini Jinja, mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza, nikaongeza machache yaliyotokea umeme ulipokatika.

Wazee wangu, walimu wenzangu, mashekhe na wachungaji mlioketi benchi moja, akina mama, na ninyi wanafunzi mliojazana pale dirishani, hamjambo?

Nianze na utani tunaoujua sote, maana nisipousema mimi atausema mgeni. Eti Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, na Wakongo wakakizika. Basi leo marehemu amenituma nimsemee. Mkiona ngeli zimepinda, mvumilieni, ametoka mbali. Lakini msimdharau, kwani alikwisha kufika angani kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea siku yake ya uhuru, Wamarekani walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Kwa heshima ya siku ile na wenyeji wale wakaipa jina Uhuru, na wanafalaki duniani kote wanaiita hivyo mpaka leo. Kwa hiyo anayedai kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi amechelewa zaidi ya miaka 50.

Nimekuja na vitu viwili. Hii ni chupa ya maji niliyoyachota alfajiri pale mtoni, nikayachemsha kwenye sigiri. Na hiki ni kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ule tunaofungia mikungu ya matoke kwenye keria. Vijana walinishauri nilete projekta. Nikawaambia projekta ina bwana wake, na bwana huyo ni umeme.

Swali langu ni moja: maji haya yana umri gani?

Mgeni yeyote akija Jinja, kabla hata hajaoga, hupelekwa kuona chanzo cha Nile. Tunamwonyesha mahali maji yanapoliacha ziwa, tunamwambia kwamba hapa ndipo mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alipofika tarehe 28 Julai 1862, na anapiga picha. Maporomoko aliyoyaona Speke hayapo tena, yalizama bwawa la umeme lilipokamilika mwaka 1954. Siku ile Wasoga walikuwa pale wakivua samaki wao kama kawaida, wala hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mto wao ulikuwa umepotea.

Sasa mtoto mmoja mtundu akiuliza, "Na maji ya ziwa yanatoka wapi?", mwongoza watalii atasema yanatoka Mto Kagera, unaokusanya maji ya milima ya Rwanda na Burundi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Viktoria, kama nne kwa tano hivi, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Na ziwa nalo si la milele. Matope ya chini yake yanaonyesha kwamba miaka kama 15,000 hadi 17,000 iliyopita lilikauka. Palikuwa na majani mahali ambapo leo mnavua sangara. Kwa hiyo ukikifuata chanzo cha Nile kwa uaminifu, kinakutoka miguuni na kupanda mawinguni.

Mimi si mtu wa kuishia mawinguni. Tone la mvua ni maji, na kila chembe ya maji ni atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni. Oksijeni ilipikwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa kabla jua letu halijawaka, na jua lina miaka kama bilioni 4.6. Viini vya hidrojeni ni vikongwe zaidi. Havikupikwa na nyota yoyote. Viliundwa ndani ya sekunde ya kwanza ya historia ya ulimwengu tunaouona, miaka bilioni 13.8 iliyopita, na tangu hapo vingi havijabadilika. Mtu wa kilo 60 ana kilo kama 6 za hidrojeni mwilini mwake. Mzee akikwambia, "Mimi nimekuzidi umri," mjibu kwa adabu kwamba kwa upande wa hidrojeni mmezaliwa siku moja.

(Hapa wazee walicheka kuliko watoto.)

Najua mtu atauliza habari za heliamu, kwa sababu mwaka 2016 tulisikia kwamba kule Rukwa, Tanzania, imepatikana gesi ya heliamu nyingi ardhini. Heliamu nyingi ya angani ni ya mwanzo, iliundwa katika dakika chache za kwanza. Ile ya Rukwa ni nyingine. Ilitokana na urani na thoriamu zilizokuwa zikioza taratibu ndani ya miamba. Jina ni moja na ukoo ni mbalimbali, kama akina Mukasa.

Tumejuaje haya yote? Wewe mwanangu mwenye sweta ya kijani, na wewe dada hapo mbele, njooni mnishikie mpira huu. Nimeupiga alama nne za chaki, zimeachana inchi moja moja. Vuteni polepole. Mnaona? Ukiwa sisimizi juu ya alama hii ya kwanza, utaona ya pili inakwenda mbali, ya tatu inakwenda mbali kwa kasi mara mbili, na ya nne mara tatu. Utafikiri umenuka, wote wanakukimbia. Lakini hamia alama ya tatu, utaona yaleyale. Hakuna alama iliyo katikati, na hakuna alama iliyotembea juu ya mpira. Kilichonyooka ni mpira wenyewe.

Georges Lemaître, padri wa Kibelgiji aliyekuwa pia mwanahisabati, aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu ndivyo ulivyo. Mwaka 1929 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson huko California, akachapisha vipimo vinavyoonyesha galaksi za mbali, yaani makundi makubwa ya nyota, zinatuacha, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia zaidi. Umbali aliupima kwa njia aliyoigundua mwanamke, Henrietta Leavitt, aliyehesabu nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu huko Harvard na kuchapisha kanuni yake mwaka 1912. Dada zangu, msiliache jina hilo lipotee. Kwa muda mrefu sifa zote zilikwenda kwa Hubble. Ni mwaka 2018 tu ambapo umoja wa wanafalaki duniani ulipiga kura na kupendekeza kanuni ya galaksi kuachana iitwe ya Hubble na Lemaître.

Galaksi zikiwa zinaachana leo, basi jana zilikuwa karibu zaidi, na juzi zaidi ya jana. Rudisha nyuma mpira huo miaka bilioni 13.8, na vyote tunavyoviona vinabanana mahali pamoja, vikiwa na joto lisilosemeka.

Nina ugomvi na jina la mwanzo huo. Kwa Kiswahili tunasema Mlipuko Mkuu, na mtu akisikia mlipuko anafikiria mtungi wa gesi, mahali fulani, jikoni kwa fulani, na vipande vikirukia uani. Hapakuwa na uani. Jina la Kiingereza, Big Bang, lilitoka kwa mwanafalaki Fred Hoyle, akizungumza redioni mwaka 1949, naye alikuwa mpinzani wa nadharia yenyewe mpaka alipokufa. Tumelitafsiri jina la mpinzani! Mimi darasani husema Mtanuko Mkuu. Kwenye mtihani andikeni lile lililomo kitabuni, sitaki wazazi wanifuate.

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Sikuwa na la kufanya ila kuwatoa watu wote uani. Ilikuwa kama saa mbili usiku, mtaa mzima giza, na Kilimia kikiwa juu ya mapaa. Nikaendelea huko huko, wazee wakiwa wamebebewa viti.

Kile kishada kidogo, kama nyuki waliosongamana, ndicho Kilimia. Watu wa pwani walikitazama ili wajue majira ya kulima, ndipo jina lilipotoka, na wana msemo kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Nuru inayoingia machoni mwenu sasa hivi imetoka huko miaka kama 440 iliyopita, karibu zama Wareno walipokuwa wakijenga ngome ya Mombasa. Jua mnaloliona mchana ni la dakika 8 na sekunde 20 zilizopita. Galaksi jirani yetu, Andromeda, tunaiona ilivyokuwa miaka milioni 2.5 iliyopita. Kutazama mbali ni kutazama zamani. Hakuna haja ya mashine ya kurudi nyuma, inatosha kuinua shingo.

Je, ukitazama mbali kabisa, utauona mwanzo wenyewe? Karibu. Waliowahi kulala Kabale, kule milimani, wanajua ukungu wa asubuhi. Unatoka nje saa moja na nusu, jua limekwisha kuchomoza, na mwanga upo kila upande lakini huoni hata ng'ombe aliye mbele yako, kwa sababu nuru inagongana na matone na kupotezwa njia. Ulimwengu mchanga ulikuwa hivyo. Elektroni zilitapakaa ovyo kutokana na joto, na nuru haikuweza kwenda moja kwa moja. Ulipofika umri wa miaka kama 380,000, joto likashuka hadi nyuzi kama 3,000, elektroni zikatulia kwenye viini, atomu zikaundwa, na ukungu ukaondoka. Nuru ya asubuhi ile bado inasafiri. Kama ule mpira wetu, mawimbi yake yamenyooshwa mara 1,100 hivi. Kwa hiyo haionekani tena kwa macho. Imekuwa mawimbi ya redio mafupi, mnururisho wa baridi kali, nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani kama nyuzi 270 chini ya kiwango cha maji kuganda.

Walioipata hawakuwa wakiitafuta. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wanafalaki wa redio walioajiriwa na maabara ya kampuni ya simu, walikuwa na antena yenye umbo la pembe kubwa huko Holmdel, New Jersey. Kila walikoielekeza walisikia mvumo uleule hafifu, usiku na mchana, majira yote. Wakashuku jiji la New York. Wakashuku viungo vya antena. Wakawakuta njiwa wawili wamejenga humo na kuipaka mavi. Wakawakamata, wakawasafirisha mbali, nao njiwa wakarudi, maana ndiyo kazi ya njiwa. Mwishowe wakauawa, antena ikasuguliwa, na mvumo ukabaki palepale. Kumbe katika Chuo Kikuu cha Princeton, si mbali na hapo, Robert Dicke na wenzake walikuwa wanajenga chombo cha kuutafuta mvumo huohuo kwa makusudi. Walipopigiwa simu wakajua wamewahiwa. Nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1978 ikaenda kwa wale waliosugua mavi ya njiwa. Lemaître, padri wetu, alipelekewa habari akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 1966.

Na ninyi mmewahi kuuona, wale wenye umri wangu. Kabla ya ving'amuzi kuingia, kituo kikifunga usiku, televisheni ilibaki na chenga, na mzee akiwa amesinzia kwenye kochi huku mnaogopa kuizima. Kama asilimia moja ya zile chenga ilikuwa nuru ya alfajiri ya ulimwengu. Tuliitazama bure, tukaiita uharibifu.

Nasema alfajiri kwa kusudi. Sisi watu wa hapa, Waswahili kwa Waganda, saa zetu zinaanza jua likitoka. Saa moja ni saa moja ya mwanga. Saa za Kizungu zinaanza usiku wa manane, wakati ambao watu wamelala na hakuna aliyeona siku ikigeuka. Wanafizikia wanapima kwa Kizungu, toka usiku wa manane, toka sifuri. Lakini wanachoweza kukiona kinaanza kwa Kiswahili, ukungu ulipoondoka. Yaliyotokea kati ya sifuri na hapo wanayajua kwa hesabu na kwa makombo. Kwa mfano, hesabu za dakika za kwanza zinadai kwamba robo moja ya uzito wa atomu zote ingekuwa heliamu na karibu robo tatu zote hidrojeni. Tukipima gesi za kale zisizochafuliwa na nyota, ndicho tunachokikuta. Mpishi hatukumwona, lakini sufuria tumeilamba.

Msidhani wamekubaliana kila kitu. Kasi ya kutanuka inabishaniwa hivi sasa. Ukiipima kwa ile nuru ya kale unapata kilometa kama 67 kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26. Ukiipima kwa nyota zilizo karibu unapata kama 73. Tofauti hiyo haijaondoka hata kwa vyombo bora, na watu wazima wenye shahada tatu tatu wanarushiana maneno. Hilo mimi linanifurahisha. Ndoa isiyo na ugomvi huwa ina siri.

Tulikuwa tumeshachelewa, nikawa najiandaa kushukuru, ndipo binti wa kidato cha tatu, aliyekuwa amesimama tangu mwanzo, akaniuliza: "Mwalimu, na kabla ya hapo?"

Nilimjibu kama ifuatavyo.

Mwanangu, swali hilo ni la kale na tena ni la Kiafrika. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliulizwa Mungu alikuwa akifanya nini kabla ya kuumba. Alijua jibu la mzaha la watu fulani, kwamba alikuwa anawaandalia jehanamu wanaouliza maswali kama hayo, akakataa kulitumia. Alisema wakati wenyewe uliumbwa pamoja na ulimwengu, kwa hiyo hakuna "kabla". Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye alishikilia kwamba wakati ulianza pamoja na viumbe. Shekhe na mchungaji mmeketi benchi moja, mnaona mnavyokubaliana.

Zamani ungesema hizo ni falsafa tu. Lakini tangu Einstein tunajua wakati unaweza kupimwa kama unavyonyooka na kujikunja. Simu ya mwendesha boda inapokuonyesha barabara, inasikiliza setilaiti ambazo saa zake zinakwenda mbele ya saa za ardhini kwa kama milioni 38 za sekunde... samahani, sehemu 38 kati ya milioni moja za sekunde, kila siku. Tofauti hiyo isingesahihishwa, baada ya siku moja ramani ingekosea kwa kilometa kama 10, nawe uliyetaka kushushwa Walukuba ungeonyeshwa uko ng'ambo kabisa ya mto. Kitu kinachonyooka na kusinyaa namna hiyo kinaweza pia kuwa na ncha. Hilo ndilo jibu la kwanza: hakuna kabla, wakati una ncha yake pale.

Jibu la pili ni la Jinja. Huenda ile tunayoiita sifuri ni mahali pa kupigia picha tu. Speke alisimama pale maji yanapotoka, akasema nimekiona chanzo, na nyuma yake lilikuwapo ziwa zima. Hesabu za Einstein tukizirudisha mpaka sifuri zinatoa joto lisilo na mwisho na uzito usio na mwisho, na hesabu ikikupa "bila mwisho" inakwambia kwa adabu kwamba umefika mahali isipofanya kazi. Wako wanaodhani nyuma ya hapo palikuwa na ulimwengu mwingine uliosinyaa. Wako wanaodhani mengine. Bado hakuna aliyeleta makombo ya kulamba.

Mimi naelemea upande wa ziwa. Sina ushahidi, nina mazoea ya mtu aliyezaliwa kando ya mto. Hata Kintu, mtu wa kwanza, angalieni. Waganda wanatuhadithia kwamba mwanzoni alikuwa peke yake na ng'ombe wake. Ng'ombe alitoka wapi? Juu mbinguni Ggulu alikuwepo tayari, ana binti, Nambi, ana watoto wa kiume, ana mifugo. Nambi anasahau ulezi wa kuku wake, anarudi kuuchukua, na Walumbe, kifo, anamfuata. Kila nikiisikiliza hadithi hiyo naona mwanzo wake umejaa watu waliotangulia. Bibi yangu nilipomuuliza ng'ombe wa Kintu alinunuliwa mnada gani, aliniambia nikalale.

Binti akafikiri kidogo. Akauliza kama anaweza kuyanywa yale maji. Nikamwambia yamechemka vizuri. Akanywa nusu ya chupa, nusu akampa mwenzake, akapangusa midomo.

"Bilioni kumi na tatu nukta nane," akasema, "na bado yananuka moshi wa sigiri."